Mtutu mpya wa .308: nipige moja nisafishe, au nimeuziwa maneno?

MtuWaTudor

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Hatimaye bunduki yangu imeingia nyumbani. Nilipoanza kufuata makaratasi yake mwanangu wa mwisho alikuwa hajaota meno; sasa ananiuliza kwa nini kabati la chuma lina funguo mbili. Ni ya bolti (yakokwa kwa mkono kila risasi), ya shabaha, kipimo cha .308, mtutu wa stenlesi. Uwindaji hapa Kenya ulifungwa tangu 1977, kwa hivyo kazi yake ni kutoboa karatasi Jumamosi na kunitoa bandarini kimawazo.

Kinachonisumbua ni karatasi niliyopewa na aliyeniuzia. Inasema mtutu mpya lazima uzoeshwe: piga risasi moja, safisha mpaka kitambaa kitoke cheupe, rudia mara 10. Kisha tatu tatu na kusafisha, mara 5. Kisha tano tano, mara 5. Nimepiga hesabu, ni risasi 50 na kusafisha mara 20. Uwanja wetu hauna kivuli ila mkanju mmoja, na jua la Machi mnalijua. Kusafisha kwenyewe si chini ya dakika kumi kila mara. Yaani nitashinda pale nikisugua chuma, na risasi 50 zitakwisha sijajifunza hata kutuliza pumzi.

Na risasi zenyewe si za kuchezea. Cheti kimeandikwa idadi ninayoruhusiwa kununua na idadi ninayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja. Risasi moja ya .308 ni mahamri na mbaazi za watu wawili, na chai juu. Rafiki yangu ninayepiga naye aliisoma hiyo karatasi akacheka mpaka akakaa chini. "Huu ni mtutu ama ni tuktuk mpya?"

Nilimpigia aliyeniuzia. Akaniambia nisipofuata mtutu utaharibika milele. Hilo "milele" ndilo lililonitia wasiwasi, na hilo hilo ndilo lililonitia shaka.

Kuna mwenye kujua kweli, si kusikia? Na jambo la pili: nyumba yangu iko karibu kabisa na maji ya Tudor, hapa Mombasa. Vitasa vya milango vimeota kijani, baiskeli ya mtoto haikumaliza mwaka. Lakini stenlesi si ndiyo haishiki kutu?

---

Kipwani

Hongera kwa chuma. Mimi nilipiga 40 siku ya kwanza, nikapitisha kitambaa, nikaenda zangu kula samaki. Mwaka wa sita huu na karatasi zatoboka. Hiyo ratiba imeandikwa na muuza brashi.

---

BiShabaha

Kipwani, zatoboka kweli, lakini tumeshaona zatobokea wapi.

MtuWaTudor, mimi napiga .22, kile kipimo kidogo, kwa hivyo pokea maneno yangu kwa kipimo chake. Kichwa cha risasi yangu ni risasi tupu, yaani yale madini yenyewe, kimepakwa nta na chatoka kwa mwendo wa mita kama 330 kwa sekunde. Hakuna shaba ya kugandia mtutuni. Nilipoipata bunduki niliitoa mafuta ya kiwandani, nikapiga, basi.

Kilichonifunza ni kinyume cha karatasi yako. Nikisafisha mtutu ukawa mkavu mtupu, risasi 10 hadi 20 za mwanzo hutangatanga mpaka nta ienee upya. Mwaka mmoja usiku wa kuamkia mashindano nilishikwa na bidii, nikaung'arisha kama sufuria za harusi. Nilimaliza wa pili kutoka mwisho, na huyo wa mwisho alikuwa na homa. Tangu siku hiyo nasafisha pale mwanzo wa mtutu panapojenga masizi magumu, kwengine ni kitambaa tu.

Lakini ya .308 kichwa chake kimevikwa shaba na chatoka kwa zaidi ya mara mbili ya mwendo wa changu. Mngoje Mzee Fundi. Nimemuona yumo.

---

FundiMstaafu

Nimo, bibie, nilikuwa nasali.

Waaleikum salaam mwanangu wa Tudor, na hongera. Nitaandika pole pole, herufi za simu hii zataka macho ya kijana. Miaka 31 nilikaa na bunduki za watu mezani, kuzifungua, kuzipima, kuzisafisha na kugombana na waliozileta. Nisikupe la "milele" wala la "piga tu ukale samaki".

Kwanza ujue ile karatasi imetoka wapi, maana si uchawi. Mtutu ukichongwa mifuo ndani, ile mifereji ya kuizungusha risasi, chombo hupita kwa urefu, njia ile ile itakayopita risasi. Kisha huja fundi na kekee ya kuchonga chemba, pale nyuma inapokaa risasi kabla ya kupigwa. Kekee yazunguka. Alama zake zakaa mkingamo, zakata njia, hasa pale chemba inapokwisha na mifuo kuanza. Pale sisi twapaita koo. Kwa jicho ni laini, lakini kwa shaba inayopita mbio pale ni mbuzi ya kukunia nazi. Kila kichwa kikipita chaacha chicha yake, moto wa baruti waichukua shaba ile na kuipaka mbele mtutuni. Shaba juu ya shaba. Na ikilifunika koo, yale makali yaliyo chini hayaguswi tena, hayalainiki. Ndiyo maana wakasema: safisha, ili kichwa kinachofuata kikute chuma chenyewe.

Krieger wa Marekani, watengenezaji wa mitutu ya mashindano, wameieleza hivyo, na hawasemi mitutu yote itatulia kwa idadi moja. Huko huko Marekani alikuwako Gale McMillan, fundi wa mitutu naye, sasa marehemu. Yeye alishikilia kuwa mambo haya yote ni kumaliza umri wa mtutu bure. Wote wawili mitutu yao imeshinda mashindano. Haya, wewe wa Tudor utamfuata nani?

Mimi nakwambia mfuate kitambaa. Ratiba haikuujua mtutu wako, iliandikwa kabla haujachongwa. Kama mtutu umesuguliwa ndani kwa mkono na mtengenezaji, kilichobaki ni koo tu, na koo hutulia upesi. Kama ni wa kiwandani, uliofuliwa kwa nyundo za mashine, huenda ndani kuna mikwaruzo ambayo hata ukisafisha mara 20 haitoki. Utakula shaba maisha yake yote na bado utapiga vizuri, kama watu wengine.

Fanya hivi. Kabla ya risasi ya kwanza toa mafuta ya kiwandani, yote, mpaka kitambaa kikavu kitoke kikavu. Usipige na mtutu uliojaa mafuta. Mafuta hayabonyei, hupandisha shinikizo, na risasi ya kwanza yenda inakotaka. Piga moja. Tia dawa ya shaba, ngoja kadiri ilivyoandikwa kwenye chupa, usizidishe, pitisha kitambaa. Ile yenye amonia ikila shaba hugeuka buluu. Itazame hiyo buluu. Piga nyengine, tazama tena. Ikiwa ya tatu au ya nne imefifia, acha, nenda kapige zako. Ikiwa bado ni buluu kama kanga mpya, endelea kidogo.

Lakini brashi iwe ya nailoni. Nilikuwa na kijana mwanafunzi, mchapa kazi hasa, nikampa mtutu asafishe shaba asubuhi. Adhuhuri nikamkuta jasho lamtoka, kitambaa cha 60 na kitu, bado buluu. Nikatazama brashi yake, ya shaba. Na ile ncha ya kushikia kitambaa, shaba. Alikuwa akiisafisha brashi tangu asubuhi! Mtutu ulikuwa safi zamani. Karatasi yako inayosema "mpaka kitambaa kitoke cheupe" haikukwambia hili, na ndilo linalowamaliza watu.

Kuhusu zile 50 zenyewe. Mtutu wa .308 ukitunzwa hufika risasi 5,000 hivi kabla koo halijaliwa ukapoteza shabaha ya mashindano. Hamsini katika elfu tano ni moja katika mia. Aliyekwambia usipozoesha utaharibika milele amekutisha bure, na anayekwambia kuzoesha kutakumalizia mtutu naye amezidisha.

Sasa nije kwenye linaloua mitutu hapa Mombasa, kwa mkono wangu nimeyaona. Mawili.

La kwanza ni ufito wa kusafishia. Ule wa vipande vitatu vya kuungana kwa nati, umetiwa kwenye mdomo wa mtutu kwa sababu mwenyewe ni mvivu wa kutoa bolti. Viungo vyasugua ukingo wa mdomo. Mdomo ndio mahali pa mwisho risasi inapoguswa. Ukilika upande mmoja, hewa yatoka upande huo kwanza na risasi yasukumwa kando. Bwana mmoja aliniletea bunduki yake akilaani darubini. Darubini ya tatu hiyo amenunua! Nikageuza mdomo juani, nikauona umeliwa kama ukingo wa kikombe cha kahawa cha zamani. Niliukata mtutu kadiri ya kidole kimoja, nikaupa mdomo mpya, ikapiga. Zile darubini tatu sijui alizipeleka wapi. Kwa hivyo: ufito wa kipande kimoja, bolti itoke, uingie kwa nyuma, na uwekwe kiongozi cha kuushika katikati.

La pili ni chumvi. Nilipoanza kazi bado twalikuwa na .303, Lee-Enfield, bunduki za Kiingereza za zamani, na katika risasi zake nyingi fataki, ile ya kuwashia baruti, ilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha chumvi mtutuni, nduguye hii ya mezani. Mafuta hayaiyeyushi. Ukipaka mafuta juu yake umeifunika shuka tu, chini yaendelea kula. Mzee aliyenifunza alikuwa na birika maalumu jeusi, hakuna aliyethubutu kulitilia chai. Maji yachemke, mpare, yaani faneli, kwenye chemba, umwage mpaka mtutu usishikike kwa moto. Moto ule ule wajikausha. Kitambaa, kisha mafuta. Kila siku ya kupiga, hata kama umepiga moja.

Risasi zako za .308 za siku hizi karibu zote hazina fataki hiyo. Lakini wewe chumvi waletewa na upepo hadi chumbani, bila kupiga. Stenlesi ya mitutu si ile ya masinki. Hutiwa salfa ili ichongeke, na kinga yake ni ndogo. Haitaoza kama baiskeli ya mtoto, lakini itatoa vidoa vidogo kama vinyesi vya nzi, na kila kidoa ni kishimo cha kukamatia shaba. Nenda Ngomeni, Fort Jesus, ukautazame mzinga wa Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyomalizwa Rufiji 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi mtoni wakaiburura vitani nchi kavu. Matope, mvua, vita, yote iliyaona. Sasa adui yake ni mmoja tu, upepo wa pale mlangoni.

Na usiiweke kwenye lile sanduku la sponji ililokuja nalo. Sponji yanywa unyevu na kuulinda. Toa, weka kabatini wazi, na vifuko vya kunyonya maji uvikaushe kila mwezi. Ukitoka uwanjani ndani ya gari lenye baridi ya AC usiifungue bunduki mara ufikapo. Chuma baridi kikikutana na hewa ya Tudor chatoka jasho, nje na ndani ya mtutu. Ngoja ipate joto la nyumba, ndipo uipanguse, ndipo uifungie.

Nimeandika mengi. Mkono umechoka.

---

HesabuKwanza

Mzee shikamoo, darasa limeeleweka. Naongeza moja tu, kwa wanaosema "mimi nilizoesha wangu na unapiga vizuri" na wale wa "mimi sikuzoesha na unapiga vizuri".

Mtutu hauwi mpya mara mbili. Huwezi kuuzoesha, ukaupima, ukaurudisha ulivyokuwa, ukaupima bila kuuzoesha. Na ukichukua mitutu miwili, kila mmoja una tabia yake tangu kiwandani. Ungehitaji mitutu mingi sana, nusu hivi na nusu vile, na kila mmoja upigwe makundi ya risasi 10 na zaidi. Makundi ya tatu tatu hudanganya. Nimeshapiga tatu zikagusana na bunduki ambayo siku ya pili ilitawanya kama kuku walioona mwewe.

Kuna jambo moja linalopimika. Mtutu mpya wengi tumeona ukiongeza mwendo wa risasi katika zile 100 hadi 200 za mwanzo, kisha hutulia. Kwa hivyo MtuWaTudor, usijaze daftari lako la vipimo vya darubini kwa umbali wote wiki hii. Andika kwa penseli.

---

Kipwani

Kuku walioona mwewe, hapo umenitaja mimi bila jina.

Mzee, mimi nina ufito wa vipande vitatu. Na naingilia mdomoni. Nifanyeje?

---

FundiMstaafu

Utubu. Kisha uniletee niutazame mdomo.

---

MtuWaTudor

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kurudi na habari, si na "nitajaribu".

Jumamosi nilikwenda mapema, kabla ya jua kupata nguvu. Brashi ya nailoni, dawa ya shaba, vitambaa nilivyokata kutoka fulana kuukuu ya pamba. Kabla ya kupiga nilitoa mafuta ya kiwandani, na hapo tu nilipata mshangao: kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi na vumbi la chuma linalong'aa, kama lile la kwa mchonga funguo. Kumbe ningeyapigia risasi hayo yote.

Risasi ya kwanza, buluu iliyokolea. Ya pili, imekolea. Ya tatu nikaona imepungua, au nilitaka kuona imepungua, sina hakika. Ya nne na ya tano nilizipiga pamoja kwa sababu nilichoka kuinama. Hapo ilikuwa rangi ya bahari ya Nyali saa nne asubuhi, ile ya karibu na mchanga. Nikapiga tatu nyengine, rangi ile ile, haikuongezeka. Nikaacha. Jumla risasi 8 na kusafisha mara 5. Zilizobaki nilizipiga kwa raha zangu, mita 100. Makundi sitayataja, mpigaji bado ni mpya kuliko mtutu.

Rafiki yangu alikuja na chupa ya madafu akaniuliza kama tuktuk imeshatoka gereji.

Sasa habari mbaya. Nilipofika nyumbani nikakumbuka maneno ya mzee, nikaliangalia lile sanduku la sponji. Bunduki ilikuwa imelala humo siku tisa kabla sijasoma majibu yenu. Upande uliogusa sponji, karibu na mdomo wa mtutu, vidoa vinne. Vidogo, rangi ya chai. Vinyesi vya nzi, kama ulivyosema. Stenlesi! Siku tisa! Nikavisugua kwa kitambaa na mafuta, vitatu vikatoka, kimoja kimeacha alama ambayo ukucha unaihisi. Kiko nje, si ndani, alhamdulillahi. Sanduku nimempa mke wangu, atilie vikombe vya wageni.

Nina swali moja la mwisho. Ufito wa kipande kimoja nimeutafuta mjini sijaupata, huko Nairobi nimeambiwa utakuja na mzigo mwengine. Jumamosi hii nilitumia wa kuazima na mwenyewe anasafiri. Katika wiki hizi mbili nipige bila kusafisha, au nisipige?

---

FundiMstaafu

Marahaba. Piga. Baada ya kupiga vuta kitambaa chenye mafuta kwa kamba, kutoka chembani kwenda mdomoni, mara tatu nne, na uipanguse nje kwa mafuta ulipoishika mkono, jasho nalo ni chumvi. Shaba yaweza kungoja wiki mbili, haina haraka. Hewa ndiyo haingoji.

Kile kidoa kiguse mafuta kila Ijumaa na usikisugue kwa msasa hata kikikuudhi.

Ufito ninao, wangu wa kazini, umevikwa plastiki, urefu wafika. Njoo Majengo baada ya alasiri uuchukue, na Kipwani aje na ule mdomo wake. Lakini urudi, mwanangu. Nina ndoo mbili za vipande vya bunduki za watu walioniahidi "kesho", na fito tatu zangu ziko Kilifi mpaka leo.